Moto na Mbolea Kutoka Taka za Shamba

Hotuba kwa wakulima wa Itetemia, Tabora



Leo nataka tuseme juu ya kitu ambacho kila mmoja wenu anacho, na karibu kila mmoja anakitupa. Kitu hicho ni taka za shamba: samadi iliyolala katika zizi, mabua ya mahindi na mtama, majani ya karanga, mashina ya viazi, maganda ya mihogo, na maembe yanayoanguka na kuoza chini ya miti. Kila mwaka baada ya mavuno twaziona zikichomwa moto au kuliwa na mchwa. Wakati huo huo akina mama wanakwenda mbali kutafuta kuni, na matuta yetu yanakosa mbolea.

Taka hizo, zikitengenezwa vema, zinaweza kutoa vitu viwili: gesi ya kupikia na mbolea nzuri. Kazi hiyo inafanywa kwa kuchachusha. Tafadhali soma kurasa hizi polepole. Kama hujui kusoma, mwombe mtoto wa shule akusomee.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Nchi hii ya Unyanyembe ilikuwa njia ya misafara. Burton na Speke walipofika hapa mwezi wa Novemba, 1857, walikuta mji wa biashara ambao watu waliuita Kaze, na vijiji vya wakulima pande zote. Itetemia yenyewe ilikuwa makao ya watemi. Misafara ilikula chakula cha mashamba ya hapa na kupika kwa kuni za hapa. Misafara imekwisha, illa kuni zinazidi kutumika. Mji umekuwa mkubwa, mkaa unauzwa kila pembe, na tumbaku inakaushwa kwa magogo ya miombo. Mwitu unarudi nyuma kila mwaka, na anayebeba mzigo wa safari hiyo ni mama mwenye nyumba.

Pia moshi wa kuni ni adui. Unaingia machoni na kifuani mwa mama na mtoto aliye mgongoni. Kwa sababu hiyo Serikali ilitangaza mwaka 2024 mpango wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Gesi inayotoka katika samadi na taka za shamba ni mojawapo ya njia hizo, na tena ndiyo njia ambayo mkulima anaweza kuipata zizini mwake bila kwenda dukani kila mwezi.

KUCHACHUKA NI NINI?

Hapana mtu wa Unyamwezi ambaye hajui kuchachuka. Mama akipika pombe huotesha mtama mpaka uwe kimea, akausaga, akauchanganya na uji, kisha akauacha mtungini. Baada ya siku chache pombe yatoa povu na mapovu yapanda juu. Yale mapovu ni hewa. Hakuna aliyeiingiza mtungini. Imetengenezwa na vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo vinakula sukari ya nafaka na kutoa hewa na kileo. Maziwa yanayoganda nayo ni kazi ya vijidudu vya namna nyingine.

Basi wako vijidudu vya namna ya tatu. Hivi vinaishi tumboni mwa ng'ombe na katika tope la mabwawa, mahali pasipo hewa ya kuvuta. Vinakula majani yaliyooza na samadi, na hewa vinayotoa ni gesi inayowaka moto. Mwaka 1776 Mtaliano mmoja, Alessandro Volta, alichokoa tope la ukingoni mwa ziwa Maggiore, akakusanya katika chupa mapovu yaliyopanda, akaona yanashika moto. Nawe unaweza kuona mapovu hayo hayo wakati wa masika, ukichokoa kwa fimbo tope jeusi la mbuga lililojaa majani yaliyooza.

Gesi hiyo wataalamu wanaiita methani. Katika mtambo mzuri, methani ni kama nusu ya hewa yote inayotoka, au zaidi kidogo, mpaka sehemu 70 katika 100. Iliyobaki ni hewa isiyowaka.

JE, TUTENGENEZE SPIRITI AU GESI?

Mtu anaweza kuuliza: kwa kuwa twajua kupika pombe, kwa nini tusitengeneze spiriti ya kuwasha jiko? Ni swali la haki. Nchi nyingine zinafanya hivyo. Brazil tangu mwaka 1975 ilianza mpango mkubwa wa kuendesha motakaa kwa spiriti ya miwa. Kule Muhoroni, Kenya, kiwanda kinatengeneza spiriti kutokana na molasi, yaani majimaji mazito yanayobaki baada ya kutoa sukari.

Lakini kazi hiyo si ya nyumbani, kwa sababu tatu. Kwanza, spiriti hailipi mpaka uipike na kuitonesha, na kuni utakazochoma kwa kuitonesha katika chungu zaweza kuwa na moto mwingi kuliko spiriti utakayopata. Pili, mabua na majani makavu hayageuki kuwa spiriti kwa kimea wala hamira. Yanahitaji dawa na mitambo ya kiwandani. Tatu, sheria ya nchi hairuhusu mtu kutonesha pombe kali bila leseni, na wako watu waliopofuka na kufa kwa kunywa iliyotengenezwa vibaya. Kwa hiyo tuache spiriti kwa viwanda. Gesi haihitaji kutoneshwa. Yapanda yenyewe, na sisi kazi yetu ni kuikinga.

KAZI HII IMEJARIBIWA HAPA TANZANIA

Msidhani kwamba naleta habari za mbali tu. Shirika la SIDO lilianza kujenga mitambo ya gesi ya samadi katika nchi yetu mwaka 1975. Ile ya kwanza ilikuwa na ngoma ya chuma inayoelea juu ya tope. Chuma kiliingia kutu na bei yake ilikuwa kubwa. Katika miaka ya 1980 kituo cha CAMARTEC cha Arusha, kikisaidiwa na Wajerumani, kilitengeneza mtambo wa namna nyingine, ambao ni kuba la matofali na saruji lililofukiwa ardhini. Hauna chuma cha kuoza, na ukijengwa na fundi hodari unaweza kudumu miaka mingi. Tangu mwaka 2009 mpango wa taifa wa gesi ya samadi wa majumbani uliwafundisha mafundi na kujenga maelfu ya makuba hayo mikoani.

Tena kuna mfano wa taka za mazao zenyewe. Huko Hale, katika Mkoa wa Tanga, ni mashamba ya mkonge. Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi zinazouzwa hazizidi kilo 5. Zilizobaki zote zilikuwa zikitupwa na kuchafua mito. Kampuni ya Katani ilijenga pale mtambo unaochachusha taka hizo na kutoa gesi ya kuzungusha injini ya umeme. Mtambo huo ulianza kazi karibu na mwaka 2008. Mkonge hatuna hapa Itetemia, lakini jambo la kujifunza ni moja: mmea una thamani hata baada ya zao lake kuondolewa.

HESABU KABLA YA KUJENGA

Jirani zetu wa Urambo wanakumbuka Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Matrekta yaliletwa, misitu ikafyekwa, fedha nyingi zikapotea, kwa sababu watu walianza kazi kabla ya kupima udongo na mvua. Sisi tuanze kwa hesabu.

Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa kiasi cha lita 35 hadi 40 za gesi. Jiko moja la gesi hii hutumia kama lita 300 kwa saa. Basi kilo 30 za samadi kwa siku zitakupa lita 1,050 au zaidi, yaani saa tatu na nusu za moto wa jiko moja. Moto huo watosha kwa chai ya asubuhi, na ugali na mboga ya mchana na ya jioni, kwa nyumba ya watu watano au sita. Hautoshi kwa kupika pombe, wala kwa maharage makavu ya kila siku yasiyolowekwa. Loweka maharage usiku, gesi itatosha.

Kilo 30 ni debe moja na nusu hivi. Zatoka kwa ng'ombe wangapi? Ng'ombe wetu wa kienyeji hutoa kama kilo 10 kwa siku nzima. Kama anafungwa zizini mchana na usiku, ng'ombe watatu watosha. Lakini wengi wetu hapa twachunga. Ng'ombe anayekwenda malishoni huacha nusu ya samadi yake porini, na zizini wapata kilo 5 tu. Kwa hiyo mwenye kuchunga anahitaji ng'ombe sita wanaolala nyumbani. Nguruwe na kuku nao wana samadi nzuri kwa wanaofuga.

Kisha hesabu maji. Samadi huchanganywa na maji kipimo kwa kipimo. Debe moja na nusu la samadi lataka debe moja na nusu la maji kila siku, kiangazi na masika. Mkojo wa ng'ombe wafaa kuongezea, na maji yaliyooshea mboga yafaa pia. Kama wakati wa kiangazi, mwezi wa Septemba na Oktoba, kisima chako kiko mbali zaidi ya mwendo wa nusu saa, usijenge mtambo kabla ya kupata maji karibu. Usimwondolee mama mzigo wa kuni ukampa mzigo wa maji.

Mtu ambaye hana ng'ombe wala maji ya kutosha, namwambia wazi: mtambo huu haukufai kwa sasa. Jenga jiko bora la udongo linalokula kuni kidogo, panda miti, na tengeneza mboji ya taka zako. Hayo nayo ni maendeleo. Tena kwa mkulima wa tumbaku: gesi ya nyumba moja haiwezi kukausha tumbaku banini. Kwa kazi hiyo dawa ni bani zinazotumia kuni kidogo, na miti ya kupandwa kila mwaka.

TAKA ZIPI ZINAFAA?

Vijidudu vya gesi ni kama watu. Havishibi kwa ugali mtupu. Mabua makavu ni ugali: yana kaboni nyingi lakini naitrojeni kidogo. Samadi na majani mabichi ni mboga na maharage. Ndiyo maana mtambo uliojazwa mabua peke yake hutoa gesi kidogo na kisha huziba. Samadi ndiyo iwe msingi, na taka za mazao ziwe nyongeza. Katika kila kilo 30, kilo 5 au 6 zaweza kuwa taka laini za shamba badala ya samadi. Zaidi ya hapo utaleta matata.

Haya ndiyo maelezo ya kila taka.

Mashina na majani mabichi ya viazi vitamu, magugu machanga, na majani ya mboga: yafaa sana. Yakatwe kwa panga vipande vifupi kama kiungo cha kidole.

Majani ya karanga: wape ng'ombe kwanza, ni chakula bora cha kiangazi. Yatakurudia kama samadi. Maganda ya karanga ni magumu kama mti; yasitiwe mtamboni kamwe.

Mabua ya mahindi na mtama: ng'ombe wale majani. Mashina yanayobaki yasitiwe mtamboni yakiwa makavu, kwa maana yataelea juu na kufanya utando mgumu unaozuia gesi. Nafasi yao ni katika mboji, kama nitakavyoeleza.

Majani makavu ya mpunga: kama mabua. Yatumiwe kulalia mifugo, kisha yaende kwenye mboji.

Maganda ya mihogo, maembe yaliyooza na machicha ya pombe: vijidudu huvipenda, lakini huchachuka upesi na kutia ukali. Ukali ukizidi gesi hukoma. Tia kidogo kidogo, isizidi bakuli moja kwa siku, na kokwa za maembe uziondoe.

Mashina ya tumbaku: hapana! Sumu ya tumbaku haipatani na vijidudu, na magonjwa ya tumbaku yanaweza kurudi shambani pamoja na tope. Mashina ya tumbaku yang'olewe na kuchomwa mara baada ya mavuno, kama Bwana Shamba wenu anavyowaagiza kila mwaka.

Kumbuka kanuni hii: kwanza mnyama ale, pili mtambo ule, tatu shamba lile. Bua lililopita njia hiyo limefanya kazi tatu.

MTAMBO ULIVYO

Mtambo una sehemu nne. Ya kwanza ni beseni la kuchanganyia samadi na maji, lenye bomba la kuteremshia tope. Ya pili ni kuba lenyewe chini ya ardhi, mahali tope linapochachuka na gesi inapojikusanya juu yake. Ya tatu ni shimo la kutokea, ambamo tope lililokwisha kazi husukumwa na gesi na kufurika lenyewe. Ya nne ni bomba la gesi lenye koki, liendalo jikoni.

Tope la kila siku ni lita 60, na hukaa ndani kama siku 60 mpaka liishe kuchachuka. Lita 60 mara siku 60 ni lita 3,600. Ukiongeza nafasi ya gesi juu yake, nyumba yenye kilo 30 za samadi yahitaji mtambo wa mita za ujazo 5 au 6. Usijenge mkubwa kuliko samadi yako kwa ajili ya fahari. Mtambo mkubwa wenye njaa ni hasara.

Fundi awe ni yule aliyefundishwa kazi hii. Nyumba ikiwa na ufa twaishi humo. Kuba likiwa na ufa gesi yote yakimbia. Mahali pa kujenga pawe karibu na zizi na karibu na jiko, pasiwe bondeni panapojaa maji wakati wa masika, na pawe mbali na kisima, hatua 20 au zaidi. Wala usijenge chini ya mwembe. Kivuli chake ni kitamu, lakini mizizi yake itapasua kuba.

Zizi lako nalo litazamwe. Udongo wetu wa Itetemia una mchanga mwingi. Samadi ikikokotwa juu ya mchanga, mchanga huingia mtamboni, hutulia chini, na mwaka baada ya mwaka hula nafasi ya tope. Sakafia angalau sehemu wanayolala ng'ombe kwa mawe au saruji. Unapochanganya, acha tope litulie kidogo beseni, na toa mchanga, mawe na nyuzi kwa mkono kabla ya kufungulia.

KUANZISHA MTAMBO

Siku ya kujaza ndiyo siku ngumu. Mtambo wahitaji kama kilo 1,800 za samadi na lita 1,800 za maji. Ng'ombe wako sita watakupa hizo kwa siku 60, na samadi iliyokaa siku 60 juani imekwisha kufa. Basi fanyeni kama mnavyofanya wakati wa kulima: waiteni jirani. Kila mmoja alete samadi mbichi ya zizi lake kwa siku chache, na zamu yake ikifika mumsaidie vivyo hivyo. Ukiweza kupata ndoo chache za tope kutoka mtambo unaofanya kazi, tia. Ni kama kutia kimea katika pombe.

Baada ya kujaza, ngoja. Huenda ikawa wiki mbili, huenda ikawa nne. Gesi ya kwanza haiwaki, kwa kuwa ina hewa mbaya nyingi. Ifungulie itoke nje mbali na moto, na usikate tamaa. Gesi ikianza kuwaka kwa mwali wa rangi ya buluu, anza kulisha kila siku.

Miezi ya Juni na Julai, baridi ya usiku hupunguza kazi ya vijidudu, nayo gesi itapungua. Hilo si ugonjwa. Changanya samadi saa za mchana, kwa maji yaliyokaa juani.

MAKATAZO NA HATARI

1. Usitie mtamboni maji ya sabuni, dawa ya josho, dawa za wadudu, wala mafuta. Vinaua vijidudu. Ng'ombe aliyepigwa sindano ya dawa kali, samadi yake ya siku chache zile iende kwenye mboji.

2. Usiingie shimoni wala ndani ya kuba kwa sababu yoyote, hata kama limeonekana tupu. Humo hamna hewa ya kuvuta. Aingiaye huanguka mara moja, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Mwite fundi. Shimo la kutokea lifunikwe kwa mfuniko mzito ili mtoto au ndama asitumbukie.

3. Ukisikia harufu kama ya yai bovu jikoni, gesi inavuja. Funga koki, fungua mlango na dirisha, zima moto wote. Tafuta mvujo kwa kupaka povu la sabuni juu ya maungio ya bomba. Mahali panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Usitafute kwa kiberiti.

4. Washa kiberiti kwanza, kisha fungua koki. Usifungue gesi ndipo uanze kutafuta kiberiti.

5. Mara moja kwa wiki toa maji yaliyokusanyika ndani ya bomba kwa kile kikoki cha chini. Maji hayo huziba njia, na jiko huanza kutetemeka kama mtu mwenye homa.

Mwali ukiwa wa manjano na kutia masizi sufuriani, rekebisha tundu la hewa la jiko. Gesi ikipungua ghafula, jiulize mambo matatu: je, nimelisha kila siku? Je, maji na samadi vilikuwa sawa? Je, kuna mvujo? Mara nyingi jibu utalipata hapo.

MBOLEA: SEHEMU AMBAYO WENGI HUISAHAU

Wengi hujenga mtambo kwa ajili ya moto, nao tope linalotoka wanaliacha litiririke bure. Huko ni kula nyama na kumwaga mchuzi. Vijidudu vinachukua kaboni kwa kutengeneza gesi, lakini naitrojeni, fosforasi na potasi, yaani vyakula vya mimea, vinabaki katika tope. Samadi iliyopita mtamboni haijapungukiwa na chakula cha mmea. Kuni zilizochomwa haziachi naitrojeni hata kidogo. Imekwenda na moshi.

Lita 60 kwa siku ni lita kama 21,900 kwa mwaka. Sasa, tope hili ukiliacha juani naitrojeni huruka angani. Kwa hiyo tumia moja ya njia hizi mbili.

Wakati wa mvua, kuanzia Novemba, lipeleke shambani likiwa bichi. Lichanganye na maji kiasi chake, mwagia pembeni mwa mashina ya mahindi, kisha fukia kwa jembe siku ile ile. Bustani ya mboga nayo italipenda.

Wakati wa kiangazi, na hapa ndipo mabua yetu yanapopata kazi yao, tengeneza mboji. Chimba shimo la kina cha goti karibu na shimo la kutokea, chini ya kivuli. Tandika mabua yaliyokatwa, unene wa shubiri moja, umwagie tope mpaka yalowe. Tandika tena, mwagia tena, mpaka lijae. Funika kwa majani makavu na udongo kidogo. Chimba la pili wakati la kwanza linaoza, na kila mwezi geuza. Mvua za kwanza zikinyesha utakuwa na mbolea nyeusi yenye kumegeka, ya kutia katika matuta kabla ya kupanda. Udongo wa mchanga haushiki maji wala chakula, na mboji ndiyo inayoufanya ushike.

Kama umeunganisha choo na mtambo, jambo ambalo linawezekana, basi tope lake lisimwagwe juu ya mboga zinazoliwa mbichi. Lipeleke kwenye mahindi, migomba na miti.

LA KUFANYA SASA

Wakulima wenzangu, sikuambii kesho ukauze ng'ombe ili ununue saruji. Kujenga kuba kwataka fedha, na fedha hupatikana kwa jasho. Lakini mambo manne hayataki fedha, nayo waweza kuyaanza wiki hii.

Kwanza, pima. Kila asubuhi kwa siku saba, zoa samadi ya zizi lako na uipime kwa debe. Andika. Hapo utajua kama una debe moja na nusu au huna.

Pili, pima maji ya mwezi wa Oktoba, wala si ya mwezi wa Machi.

Tatu, acha kuchoma mabua. Yakusanye mahali pamoja, uyainue juu ya magogo ili mchwa wasiyafikie, na anza shimo moja la mboji hata kabla ya kuwa na mtambo. Samadi ya kawaida itafaa kwa kuanzia.

Nne, kaeni pamoja, wanaume kwa wanawake. Nasema wanawake kwa makusudi. Mara nyingi ng'ombe ni wa baba na jiko ni la mama. Baba asipoona faida ya gesi, samadi haitazolewa. Mama asipofundishwa kulisha na kufunga koki, mtambo utakufa katika mwaka wa kwanza. Nyumba ambayo wote wawili wanajua kazi, mtambo wake unadumu. Mkishaafikiana, mwendeeni Bwana Shamba wa kata na hesabu zenu mkononi, awaonyeshe fundi aliyefundishwa. Tena ombeni kuona mtambo unaofanya kazi kabla ya kutoa fedha yoyote, na muulizeni mwenye nyumba, hasa mama, kama anaridhika nao.

Wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Gesi na mbolea zetu ziko mvunguni, miguuni mwa ng'ombe na chini ya mabua. Tuiname tukazitoe.